Shamba la Kuazima

Ukitoka Kisangani kwa barabara ya Lubutu, vijiji huhesabiwa kabla ya kutajwa. Mtu atakuambia anatoka pointi ya kilomita fulani, hesabu ikianzia mjini, na mwenyeji atajua papo hapo ni mto gani na ukoo gani. Kijiji ninachokizungumzia kiko kati ya mji na Wanie-Rukula, katika nchi ya Wakumu. Nyumba zimekaa pande mbili za barabara: kuta za udongo uliokandikwa juu ya fito zilizofungwa kwa kekele, zile kamba za msituni, mapaa ya majani, na hapa na pale baraza lisilo na kuta, ambamo mashauri ya kijiji huanzia na kuishia. Nyuma ya nyumba kuna migomba na michikichi. Nyuma ya michikichi kuna vichaka. Nyuma ya vichaka, msitu.

Mpangilio huu wa kando ya barabara haukubuniwa na Wakumu. Zamani waliishi wametawanyika msituni, kila ukoo na makazi yake. Utawala wa Wabelgiji ndio uliowatoa huko ukawaweka njiani, mahali ambapo mtu huhesabika, hutozwa kodi na huitwa kazini kwa urahisi. Nyumba zilihama, lakini mashamba yalibaki na desturi zake. Hadi leo apitaye kwa gari huona migomba na mapaa akadhani amekiona kijiji, kumbe kazi yote iko nyuma, mwendo wa saa nzima kwa mguu, ambako shamba la mwaka huu liko upande mmoja wa kijito na la mwakani litakuwa upande mwingine.

Huko nilikwenda kutazama mpunga. Nilikwenda na kurudi mara kadhaa, kuanzia Desemba, fyeko la kwanza, hadi Julai, masuke yalipopanda juu ya jiko.

Wenye mashamba ni kundi la wanawake kumi na wawili na wanaume watano. Hufanya kazi kwa likelemba. Mjini Kisangani likelemba ni mchango wa pesa: kila mmoja hutoa kiasi, na kila juma mmoja huchukua zote. Hapa kijijini kinachochangwa ni mikono. Leo wote kumi na saba wako kwenye shamba la mmoja, kesho kutwa kwa mwingine, hadi mzunguko ukamilike. Kuna daftari moja la shule, lenye jalada lililolainika kwa kushikwa, na ndani yake hakuna faranga hata moja iliyoandikwa. Kilichoandikwa ni siku. Aliyeugua hudaiwa siku yake, na akipona huilipa. Aliyefiwa hasahauliki, siku yake ya kupokea husogezwa mbele, haifutwi. Kiongozi wao ni mama wa makamo ya juu ambaye wote, hata wanaume wenye mvi, humwita Koko, yaani bibi. Mimi pia nilimwita hivyo.

Kazi ya kwanza haina jasho, na kwa mgeni haifanani na kazi kabisa. Koko huchukua panga, huingia kwenye pori lililopumzishwa, na hutembea. Anachotafuta kwanza ni kombokombo, ule mti wenye majani mapana kama miavuli ambao huota wenyewe kila penye shamba lililoachwa. Kombokombo hukua haraka na huzeeka haraka. Baada ya miaka 20 hivi huanza kufa wenyewe, na chini yake miche ya miti migumu huwa imekwisha kuinua vichwa. Kombokombo mwembamba maana yake udongo bado umechoka. Mnene, wenye matawi yaliyoanza kukauka, maana yake udongo umeshiba. Koko hupiga shina kwa ubapa wa panga na kusikiliza. Huinama akafunua majani makavu kuona kama kuna vinyesi vya nyungunyungu, vile vichuguu vidogo vya udongo uliosagika. Huchimba kwa ncha ya panga, huchukua udongo kidogo, huuponda kati ya vidole, huunusa. Pori la kwanza alilonionyesha aliliacha bila neno. La pili pia. Katika la tatu alisimama muda mrefu, akafuta vidole kwenye kitenge.

“Hapa udongo imelala ya kutosha,” alisema.

Ndipo akaweka alama: kijiti kilichopasuliwa kichwani, na jani limebanwa katikati ya mpasuko. Mwingine akikiona atajua pana mwenyewe.

Kufyeka huanza Desemba, na hufanywa na wote. Panga hupita chini chini, karibu na ardhi, likikata mimea ya kutambaa, miche na vichaka, na kila kilichokatwa huachwa kilale pale pale. Hawakusanyi. Mara ya kwanza nilidhani ni uvivu wa mwisho wa siku. Baadaye nilielewa kwamba takataka hizo zinalazwa kwa makusudi, zenye unene sawa kila mahali, kwa sababu ndizo zitakazobeba moto. Koko alipita nyuma ya wafyekaji akihamisha mafungu, akipunguza hapa, akiongeza pale, kama mtu anayetandika godoro la majani.

Kisha Januari huja zamu ya mashoka. Miti mikubwa ya huku ina mbavu chini, kuta za mbao zinazotoka kwenye shina na kuzama ardhini, na hakuna shoka linaloweza kuzishinda kwa siku moja. Kwa hiyo wanaume hujenga jukwaa: fito nne hadi sita, kekele za kufungia, na ngazi ya vigogo viwili. Mkataji hupanda mpaka juu ya mbavu, huvua ndara, hushika jukwaa kwa vidole vya miguu na kuanza. Shoka lake lina mpini mrefu na bapa dogo. Pigo moja hushuka kwa mshazari, la pili huingia likiwa karibu limelala, na kipande cha mti huruka. Mshazari, lala. Mshazari, lala. Hawagombani na mti. Nilihesabu mapigo hadi nikachoka, yeye hakuchoka, na sauti ya shoka haikubadilika tangu la kwanza.

Kuna akili nyingine hapa ambayo nisingeitambua kama nisingekaa siku nzima. Miti midogo hawaiangushi. Huichanja hadi nusu, kila mmoja upande ule ule, kisha huiacha imesimama. Wakimaliza mteremko wote, hurudi kwenye mti mkubwa wa juu na kuukata hadi mwisho. Ukianguka, huegemea wa pili, wa pili huangukia wa tatu, na mteremko mzima hulala chini kwa mngurumo mmoja. Ndege hunyamaza. Watu nao hunyamaza, halafu husikika kicheko cha mtoto.

Miti fulani haiguswi. Michikichi hubaki. Mti ambao viwavi vya mbinzo huupenda hubaki pia, umesimama peke yake katikati ya uharibifu, kwa maana msimu wa mbinzo ukifika utalisha nyumba tatu. Visiki vya mingine hukatwa kwenye usawa wa kiuno na kuachwa hai. Nilimuuliza mkataji mmoja kwa nini hawaving’oi. Alinitazama kwa huruma akasema, “Papa, tukiving’oa, nani atarudisha pori?”

Wataalamu nao walikuja kulijua jambo hili. Kilomita 100 hivi chini ya Kisangani, kando ya mto, kuna Yangambi, ambako Wabelgiji walianzisha kituo chao kikuu cha utafiti wa kilimo mwaka 1933. Kituo hicho, INEAC kwa jina lake la wakati ule, kilitoa mbegu za mpunga wa nchi kavu zilizokwenda mbali. Ile iitwayo OS6 ilifika hadi Nigeria na kulimwa huko kwa miaka mingi. Katika miaka ya 1940, kwenye vijiji vya Waturumbu vilivyo jirani na kituo, wataalamu hao walichukua desturi ya kufyeka na kupumzisha, wakainyoosha kwa kamba: mashamba yakawa mistari mipana ya mita 100, mstari wa mazao kando ya mstari wa msitu, ili mbegu za miti zisiwe na safari ndefu ya kurudi. Wazo lilikuwa zuri. Lakini mistari ilihitaji msimamizi wa kuilinda, kwani ilipita juu ya mchanga na kinamasi bila kuuliza, na uhuru ulipokuja mwaka 1960 wasimamizi wakaondoka, na mistari ikaondoka nao. Shamba la Koko halina upande mmoja ulionyooka. Mpaka wake hupinda pale udongo unapobadilika.

Baada ya kuangusha, hungoja. Januari na Februari ndiyo miezi ambayo mvua ya Kisangani hupungua. Haikatiki kabisa, maana mji huu hupata karibu milimita 1,800 kwa mwaka na hauna kiangazi cha kweli. Kwa hiyo siku ya moto ni ya kubahatisha, na kila mtu ana maoni. Mwaka huo jirani mmoja alichoma mapema. Moto wake ulipita juu ukala majani na kuacha vigogo vibichi. Vijana wa kundi walianza kumsihi Koko nao wachome. Koko kila asubuhi alikwenda, akavunja kijiti cha unene wa kidole gumba, akakisikiliza kinavyovunjika, akarudi nyumbani.

“Moto iko na akili yake,” aliwaambia. “Wacha kuisukuma.”

Siku ya kumi na mbili kijiti kilivunjika kwa mlio mkavu. Walifagia ukanda wa hatua nne kuzunguka shamba, wakaondoa kila jani mpaka udongo mtupu. Saa nane mchana upepo ulipotulia waliwasha kutoka upande ambao upepo unaelekea, ili moto urudi nyuma polepole ukila kila kitu, badala ya kukimbia. Uliwaka hadi magharibi. Kesho yake majivu yalikuwa ya kijivu-cheupe, laini, yamesambaa sawasawa shamba zima, na hapo nikakumbuka yale mafungu aliyokuwa akiyahamisha Desemba.

Mbegu hutoka juu ya jiko. Ndani ya jiko la Koko, chini ya paa, kuna uchaga, na masuke ya mwaka uliopita huning’inia hapo yamefungwa vishada, meusi kwa moshi. Moshi huwazuia fukusi. Koko huyashusha, huyapura kwa mikono, humwaga punje kwenye beseni la maji. Zinazoelea huwa chakula cha kuku. Zinazozama hukaa usiku mmoja, huanikwa hadi maji ya juu yakauke, huingia kibuyuni.

Mpunga na lugha hii ninayoiandika vilifika hapa kwa msafara mmoja. Ni Waungwana, wafuasi wa Hamed bin Muhammed el Murjebi, Tippu Tip, aliyezaliwa Unguja na mwaka 1887 akafanywa wali wa Stanley Falls kwa niaba ya Mfalme Leopold, walioulima kwa wingi karibu na maporomoko hayo ya Kisangani. Walikuja kutafuta pembe na watumwa, na kumbukumbu yao vijijini si njema. Wabelgiji wakaurithi mpunga wakaufanya amri: tangu mwaka 1917 kila mwanakijiji aliweza kulazimishwa kulima zao la serikali siku 60 kwa mwaka, na wakati wa vita, mwaka 1942, siku zikapandishwa hadi 120. Mwaka 1944 Wakumu wa upande wa Lubutu waliasi, wakiongozwa na Bushiri wa dini ya Kitawala, na uasi ule ulizimwa kwa bunduki. Nikilitazama daftari la likelemba lenye siku zilizoandikwa kwa penseli, nawaza juu ya hesabu ile nyingine ya siku, iliyoandikwa na watu wasiolima. Kazi ni ile ile. Mpunga ni ule ule. Daftari la sasa linakaa kwenye mkoba wa mama mmoja, na kila aliyeandikwa humo anaweza kuomba kuliona.

Kupanda hufanywa mvua zikishashika, mwisho wa Machi hadi Aprili. Wanawake husimama mstari mmoja chini ya mteremko na kupanda kwenda juu. Kila mmoja ana jembe dogo la mpini mfupi mkono wa kulia na kibuyu kiunoni. Jembe hugusa ardhi kwa kona yake tu, kama ndege anayedonoa. Udongo hufunguka vidole viwili. Mkono wa kushoto huachia punje tano au sita. Unyayo hufunika kwa kukanyaga kidogo. Kisha hatua. Hawapimi kwa kamba, lakini mashimo huachana kwa kipimo cha unyayo mmoja wa mtu mzima, visiki na magogo yasiyoungua yakizungukwa bila mstari kukatika. Nilijaribu. Nilipofika hatua ya ishirini, mstari ulikuwa umenipita mbali, na mashimo yangu mengine yalikuwa na punje kumi, mengine mbili. Mama aliyekuwa jirani yangu alirudi akayafukua yote bila kusema kitu, akayapanda upya.

Kati ya mpunga huchomekwa vipande vya mihogo, na karibu na visiki vilivyooza, makemba, ndizi za kupika. Palizi ya mpunga ni moja tu, juma la tano au la sita.

Kisha huja ndege. Punje zikianza kujaa maziwa, kwera hushuka kwa makundi, na usiku ndezi, ambao hapa huitwa simbiliki, hukata mashina kutoka chini. Watu wa pwani wangelitambua dungu lililojengwa katikati ya shamba, na kazi ya kuamia ni ile ile ya Rufiji: kamba zilizofungwa makopo matupu, mtoto mmoja juu, sauti tangu alfajiri hadi jua kuzama. Karibu mwezi mzima. Likizo zinapokosana na mpunga, wazee huamia wenyewe.

Mavuno ndiyo niliyoyapenda kuliko yote. Sikuwahi kuona mundu. Kila mwanamke huficha kisu kidogo kiganjani, bapa lenye urefu wa kidole cha kati, na huvuna suke moja moja. Kidole cha shahada huvuta shingo ya suke kwenye makali, kidole gumba hubana, suke hukatika likiwa tayari mkononi. Mkono ukijaa, jani la ukindu huzungushwa mara mbili, kishada kinatupwa kapuni nyuma ya mgongo. Mtu mwenye haraka ataona huu ni ukaidi, na kuna wakati maofisa wa kilimo walihubiri hivyo. Lakini mpunga huu hauivi kwa pamoja, maana mbegu zake ni za aina mbili tatu zilizochanganyika, na mundu ungekata mabichi pamoja na makavu. Kisu huchagua. Mihogo iliyo katikati haiguswi. Punje hazimwagiki. Na suke zuri kupita mengine, lenye shingo nene na lisilo na punje tupu, mkono hulijua kabla ya jicho. Haliendi kapuni, huingizwa kwenye fundo la kitenge. Koko alirudia shamba lile mara tatu katika muda wa majuma mawili, na kila mara fundo lake lilikuwa zito zaidi.

Nyumbani masuke huanikwa juu ya mikeka siku tatu nne, hupurwa kwa miguu, na punje huingia kinuni. Kisangani kuna mashine za kukoboa, na sehemu kubwa ya mavuno hupelekwa huko kwa baiskeli za kumba-kumba, magunia mawili matatu yamefungwa, mwenyewe akisukuma kwa mguu kilomita zote hizo. Ule wa kuliwa nyumbani bado hutwangwa. Wanawake watatu kwa kinu kimoja, michi mitatu ikipishana, hakuna anayehesabu. Ungo hufuata: mtikiso wa mbele hurusha makapi, mzunguko mdogo wa viwiko hukusanya chenga ukingoni, na mchele mzima hubaki katikati.

Kundi linauza pamoja sasa, kwa bei moja. Wanafikiria kujiandikisha kuwa ushirika rasmi. Kongo iliingia OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara, mwaka 2012, na sheria yake ya vyama vya ushirika inakubali ushirika mdogo wenye watu watano tu. Koko hana haraka. Anataka kwanza kila mwanachama ajue kusoma daftari.

Jioni ya mwisho aliyapandisha masuke yake kwenye uchaga. Aliniambia kuhusu Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana mjini kwa siku sita na watu wakakimbilia huku kwa miguu, nyumba moja ikipokea familia nne. Mpunga ulikuwa bado kuiva. “Tulikula mihogo, tulikula makemba, tulikula hata mizizi. Hii,” akagusa kishada cha mwanzo kwa nyuma ya kidole, “hatukugusa.” Akafunga vingine vilivyobaki, kimoja baada ya kimoja, fundo lile lile.

Asubuhi tulikwenda shambani kung’oa magugu kati ya mihogo. Alifanya kazi ameinama, mkono wa kushoto ukitenga, wa kulia ukivuta, na rundo la magugu likabaki nyuma yake mstari mzima. Katika kila hatua chache palikuwa na mche wa kombokombo, wenye majani mawili au matatu tu, urefu wa kidole. Mkono wake ulifika hapo, ukang’oa nyasi zilizouzunguka, ukauacha.

“Huu?” niliuliza.

“Huu ni wa mjukuu,” alisema, akavusha mguu juu yake na kuendelea.